Mguu wa Fundi na Kitambaa cha Fedha

Kuna watu wanaoanza asubuhi yao kwa chai, na wapo wanaoianza kwa kugombana na shuka. Mama Taratibu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliianza kwa kufungua vidonda vya watu. Alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda katika hospitali kubwa. Chumba kilikuwa na dirisha moja refu, kitanda kimoja cha chuma, na, nje ya mlango, benchi la mbao lililosuguliwa na makalio ya wagonjwa mpaka likawa linateleza. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hilo jingine watu walimpa kwa sababu ya neno alilokuwa akilisema kila aliposhika ncha ya bandeji: "Taratibu, baba. Taratibu, tunakwenda pamoja." Na kweli walikwenda pamoja. Mgonjwa akikunja uso, naye anakunja. Mgonjwa akishusha pumzi, naye anashusha. Ukiwatazama kwa mbali hungejua kidonda ni cha nani.

Zama hizo hakuna aliyeletewa bandeji ndani ya pakiti inayong'aa. Shashi ilikuja kwa marobota, nyepesi kama neti ya mbu, na kazi ya mchana ilikuwa kuikata na kuikunja. Wauguzi walikaa kuizunguka meza, mikasi inakata, midomo inakata zaidi. Wakwe walikunjwa pale, na wachumba, na matroni wa wadi ya pili aliyekuwa akijipodoa kabla ya daktari wa meno kupita. Ncha zote za uzi zilikunjiwa ndani ili uzi usije ukabaki kwenye nyama ya mtu. Kisha vipande vilipangwa kwenye pipa dogo la bati lenye matundu, pipa likaingizwa kwenye mtambo wa mvuke, likatoka lina moto, linanukia kama nguo mbichi iliyopigwa pasi. Harufu hiyo, hata leo, ikimjia Mama Taratibu kutoka dirisha la jirani anayepiga pasi, husimama kidogo na chochote alichoshika mkononi.

Vidonda viliogeshwa kwa maji ya chumvi. Dawa zilijulikana kwa rangi: ya njano, ya zambarau, na ile ya kahawia iliyomfanya mwanaume mzima akumbuke mama yake. Na juu ya yote ilikuwepo amri ya Sista Mkuu, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake havikusikika mpaka awe nyuma yako. Kila kidonda kifunguliwe, kioshwe na kitazamwe kabla ya chai ya saa nne. "Nani amekiona leo?" ndilo lilikuwa swali lake, na ole wako jibu likose jina la mtu.

Mama Taratibu aliipenda amri ile kuliko alivyompenda Sista Mkuu mwenyewe. Aliyapenda yale macho ya asubuhi, shashi inapofunuka na kidonda kinajieleza: jana nililia, leo nimekauka, hapa pembeni nimeanza kuota nyama. Wenye vidonda nao walikuwa na mengi. Mtu aliyelalia mguu wake usiku kucha hawezi kunyamaza asubuhi. Walimweleza ndoto zao, watoto wao, mashamba yao, na hofu zao, naye akiosha na kuitikia.

Ndivyo alivyompata hata mume. Yeye alikuwa fundi cherehani kijana, sindano ya mashine imempita kwenye ukucha. Alikuja asubuhi baada ya asubuhi, kidole kinafunguliwa, kinaoshwa, kinafungwa. Kidole kilipopona hakuacha kuja. Mpaka leo wanabishana juu ya hilo. Mume husema kilikuwa bado kinauma, na mkewe husema yeye alifunga bandeji kwenye kidole kizima kabisa, tena akijua.

Miaka imekwenda. Mama Taratibu amestaafu, watoto wametawanyika kwenye miji yao, na nyumbani wamebaki wao wawili na cherehani ya miguu iliyokaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, ili Fundi aone uzi wake na apate pia kuona nani anapita na nani. Mke humwita Fundi, kama watu wote. Fundi humwita Sista anapotaka kumchokoza, na hutaka mara nyingi.

Kisukari kilimwingia Fundi polepole, kikamwachia ganzi kwenye nyayo. Yeye hakuijali, na cherehani aliendelea kuipiga peku. Husema kiatu hakisikii mashine. Kumbe mguu wenyewe ulikuwa umeacha kusikia siku nyingi. Pedali ya chuma ilimeguka pembeni, ikawa na jino, na jino hilo likawa linamla mguu wa kulia chini ya kidole gumba, mshono kwa mshono, naye anapiga mluzi. Aliyeona ni mkewe, alipokuwa anafagia vipande vya kitambaa.

"Fundi, hii nini hapa sakafuni?"

"Mafuta ya mashine."

"Mafuta ya mashine tangu lini yakawa mekundu?"

Fundi aliinua mguu akautazama kama mguu wa mtu mwingine aliyesahau kitu chake hapo.

Tuseme ukweli wote. Mwanzoni Mama Taratibu alipata furaha ndogo iliyomtia haya. Alikuwa na kidonda cha kufungua asubuhi. Alitoa kibano chake cha zamani, akachemsha maji, akatia chumvi, akakata shashi na kukunja ncha ndani. Kila siku kabla ya saa nne Fundi alinyoosha mguu juu ya kigoda, na ile sauti ikarudi: "Taratibu, baba." Walicheka. Walipiga soga. Lakini kidonda hakikucheka nao. Kikawa chekundu pembezoni, kikavimba, kikaanza harufu ambayo pua yake iliijua kabla kichwa hakijakubali. Siku hiyo hiyo alimtafutia Fundi gari, wakaenda hospitali ileile aliyoiacha.

Daktari alikuwa kijana wa sauti ya chini. Alipiga picha ya mguu, akaitazama juu ya taa, akavuta kiti akakaa karibu nao.

"Mama, wewe ni mwenzetu, sitakuzunguka," alisema. "Mfupa bado mzima. Lakini vidudu vimeshaingia kwenye nyama, na vikiufikia mfupa itabidi tukate. Na tukikata hatutaishia kwenye kidole."

"Mpaka wapi?" Fundi aliuliza.

Daktari aliweka kiganja chake juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Basi kiatu cha kulia nitamrithisha jirani," Fundi alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mtu anayepiga cherehani ya miguu ukimwambia utamkata mguu, umemwambia utamkata na mikono.

Daktari aliandika vidonge vya kuua vidudu kwa ndani, kisha akawaelekeza kwenye kliniki ya vidonda. "Huko watamfunga kwa vitambaa vipya. Jumatatu nitapita nikione."

Kliniki ya vidonda ilikuwa mwisho wa korido, chini ya ngazi. Mama Taratibu alisukuma mlango akiwa na roho juu, na aliyegeuka ndani alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Enzi zake alikuja kujifunza akiwa mwembamba kama uzi, na kwa kuwa alikuwa akivuta bandeji ya mgonjwa kabla hajaambiwa avute, Mama Taratibu alimpachika jina Kimbelembele. Sasa Kimbelembele alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na kliniki ilikuwa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umejificha huku?"

"Sijajificha, mama. Nilipandishwa cheo, nikaletwa chini ya ngazi." Akageuka kwa Fundi. "Shikamoo, baba. Leo umeleta mguu? Zamani tulisikia ulikuwa mtu wa vidole."

"Marahaba. Habari hizo bado zinatembea?"

"Hapa zinafundishwa."

Alimlaza, akakwangua nyama iliyokufa kwa kisu kidogo, akaosha, akafuta. Mama Taratibu alisimama pembeni, mikono nyuma, vidole vinawasha. Kisha Kimbelembele alichana pakiti akatoa kipande cha kitambaa chenye rangi ya kijivu inayometa, kama ile karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Akakipima juu ya kidonda, akakikata, akakilowesha kwa maji ya kwenye chupa.

"Hicho nini?" Mama Taratibu aliuliza.

"Kitambaa cha kidonda, mama. Kimepakwa fedha."

"Fedha hii ya pete na mikufu?"

"Ndiyo hiyo, ila imepakwa nyembamba mno. Ikikaa kwenye unyevu wa kidonda inaachia chembe kidogo kidogo, na chembe hizo zinaua vidudu vinavyotaka kufanya makazi. Kwa hiyo kitambaa chenyewe kinakaa zamu. Hakihitaji kufunguliwa kila siku."

"Na anayekitazama kidonda ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Mpaka Jumatatu. Leo Alhamisi ninakiweka, Jumatatu ninakitoa mimi mwenyewe." Kimbelembele alivua miwani. "Mama, ninakujua. Usikifungue. Tunapokifungua kila mara tunakipoza, tunaikwangua nyama changa, na tunavifungulia vidudu mlango. Nawe baba, cherehani ipumzike. Mguu huo usikanyage pedali hata kwa kuota."

Fundi alikuwa ameegemea viwiko, meno yote nje. "Kimbelembele anamwambia Taratibu angoje. Haya, nimeishi nimeona."

Ijumaa ilipita salama, kwa kuwa Mama Taratibu aliifua nyumba nzima, mapazia yasiyo na hatia yakiwemo. Jumamosi aliamka mapema, na kabla akili haijafika jikoni mikono ilikuwa imeshafika. Sufuria ya maji ilikuwa jikoni inachemka na chumvi imeshatiwa.

"Unapika nini asubuhi yote hii, Sista?" Fundi aliuliza kutoka kitandani.

"Maji."

"Maji ya nini?"

Mama Taratibu alikaa kwenye kigoda mbele ya ule mguu, akasema moyoni kwamba atatazama pembeni tu. Na pembeni aliona kitu kilichomkata maini. Chini ya ukingo wa bandeji, kwenye ngozi ya Fundi, palikuwa na weusi. Haukuwa wekundu, wala njano ya usaha. Ulikuwa weusi wa kijivu, kama masizi yaliyolowa.

Mtu mwingine asiyejua vidonda angeuona weusi ule akauliza. Mama Taratibu hakuuliza, kwa sababu alijua, au alidhani anajua. Katika chumba chake ngozi ikigeuka nyeusi ilikuwa na maana moja, na baada ya maana hiyo kulikuwa na msumeno. Aliona miguu ya namna hiyo ikienda chumba cha upasuaji na kutorudi. Kufumba na kufumbua bandeji ilikuwa chini. Kitambaa cha fedha kilikuwa kimelegea, chenye utelezi, na chini yake kidonda kilikuwa kimezungukwa na ule weusi.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza. Hapo alikuwa ameshakaa.

"Taratibu, baba," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti ilimtetemeka kwenye neno hilo.

Akaosha. Akaosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, mara moja na mara nyingine tena, weusi ukafifia kidogo lakini haukuondoka. Hakuwa na kitambaa kingine cha aina ile. Alikitosa kilekile kwenye maji ya chumvi, akakikamua, akakirudisha, akafunga. Jumapili alifanya vilevile. Kitu anachokijua mtu tangu ujana wake hakimtoki kwa kuambiwa mara moja chini ya ngazi.

"Tutamwambia?" Fundi aliuliza.

"Tutamwambia nini? Mguu mzima huo."

"Kama ni mzima mbona huli?"

Jumatatu walifika wa kwanza. Kimbelembele aliinama juu ya mguu na mkasi mkononi, akasita. Aliutazama ule mfungo.

"Nani amefungua?" aliuliza.

"Mimi," Fundi alisema haraka. "Kilikuwa kinawasha. Nikafungua, nikafunga mwenyewe."

"Baba, umefunga mwenyewe?"

"Mimi si fundi? Nitashindwa na bandeji?"

Kimbelembele alicheka kwa huzuni. "Baba yangu, huu mzunguko wa kupita nyuma ya kisigino mara mbili na kuchomeka ncha ndani, kwa mkono wa kushoto, nilifundishwa mimi wiki nzima. Nilipokosea nilifunguliwa nikaanza upya. Hakuna mtu mwingine anayefunga hivi."

Mama Taratibu alitazama sakafu, kama wasichana aliokuwa akiwafokea enzi zake.

"Ni mimi," alisema. "Niliona ngozi imekuwa nyeusi. Nikafungua. Nikakiosha kwa maji ya chumvi, nikakilowesha humo, nikakirudisha. Na jana pia."

"Maji ya chumvi," Kimbelembele alirudia.

"Ulipokilowesha wewe nilidhani ni hayo. Kidonda kinaoshwa kwa maji gani mengine?"

Kimbelembele alivuta kiti. "Na hilo nalo kosa langu, mama. Nilisema usifungue. Ya maji ningesemaje kuhusu kitu ambacho hakifunguliwi? Sikiliza. Kitambaa cha aina hii hakitaki chumvi. Zipo aina nyingine zinavumilia, hii hapana. Fedha na chumvi zikikutana zinashikana, fedha inafungika palepale, haina tena chembe ya kuachia. Umekiweka kitambaa kikiwa kimelala usingizi."

"Na ule weusi?"

"Ni fedha yenyewe. Inapaka ngozi, kama wino unavyopaka kidole cha karani. Tazama." Alipitisha pamba yenye maji kwenye ukingo wa mguu, ikatoka na kijivu. "Nyama iliyokufa haitoki kwa pamba, wewe ndiye uliyenifundisha. Inalainika, inanuka, na inatambaa. Huu ulitambaa?"

"Haukutambaa."

"Basi."

Kidonda chenyewe kilikuwa kimelowa kuliko Alhamisi, na kilikuwa na harufu. Daktari alipita, akakitazama, akabonyeza pembeni kwa kidole chenye glavu. "Hakijarudi nyuma sana," alisema, "lakini mbele hakijaenda, na muda hatuna mwingi. Endeleeni na vidonge. Jumatatu ijayo nikikikuta hivi, nitawaombea nafasi ya upasuaji."

Walipofika mlangoni kwao, Fundi, akiwa amemshika mkewe bega ili avuke kizingiti, alimwambia, "Mke wangu, mimi kukatwa mguu naogopa. Lakini ukikaa wiki nzima bila kula, nitakuwa mgane kabla sijawa kiwete. Leo pika."

Wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu. Kitambaa kipya kilikuwa mguuni, na safari hii alijua kila kitu: kwa nini hakifunguliwi, kwa nini hakina haja ya macho yake. Kujua hakukumsaidia sana. Asubuhi ilipofika mikono ilimwamsha palepale. Alijikaza. Alikwenda kukaa kwenye kigoda chake kama kawaida, akauweka mguu wa Fundi mapajani, akabaki akiutazama kama mtu aliyefika kwenye mlango wa nyumba aliyoihama.

Kimbelembele alimpa kazi moja, na aliifanya kwa bidii ya mwanafunzi. Kila asubuhi aliweka mgongo wa mkono juu ya bandeji, kwenye muundi, kupima kama joto linapanda. Alitazama kama kuna mstari mwekundu unaokwea. Alinusa. Alimshika Fundi paji la uso. Kikitokea kimojawapo, aje mbio, na kisipotokea, akae.

Hakikutokea. Akakaa.

Na kwa kuwa alikaa, na mikono haina kazi, mazungumzo yalikuja. Fundi alianza kumweleza asubuhi moja habari za lile benchi la zamani kwa upande wa wanaongoja, upande ambao mkewe hakuwahi kuukalia. Kwamba wagonjwa walikuwa wakibishana nani aingie kwanza, na wote walitaka kuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho alikaa zaidi. Kwamba palikuwa na mzee mchonga mawe aliyemwonya Fundi waziwazi: "Kijana, kidole chako kimepona, tuachie sista wetu." Kwamba kila mlango ulipofunguka harufu ya ile shashi iliyotoka kwenye mvuke iliwafikia nje, na watu wakanyamaza, kila mmoja akajiandaa.

"Kujiandaa kwa nini?"

"Kwa maumivu, mke wangu. Ulidhani tunajiandaa kwa nini?"

"Nilikuwa nalowesha kwanza."

"Ulikuwa unalowesha. Lakini shashi ikikauka kwenye nyama, kulowesha ni kubembeleza tu. Mchonga mawe alikuwa akija na kitambaa cha kung'ata mfukoni. Hukukiona kwa sababu alikuwa akikificha ukigeuka."

Miaka yote hiyo Mama Taratibu alidhani anajua kila kilichomo chumbani mwake.

Ijumaa asubuhi Fundi alisema kinawasha, kwenye ukingo ambako ganzi haijafika. Kweli safari hii. Aliukunja mguu, akaukunjua, akasugua kisigino kwenye shuka.

"Fungua kidogo tu, Sista. Ukunje ukingo, upulize."

"Hapana."

"Wewe wa kuniambia hapana? Wewe ungemfungua hata maiti umwangalie."

"Hapana, Fundi. Lete mkono." Alimshika mkono, akaweka wake wa pili juu ya muundi, akahesabu joto kwa hisia. Joto lilikuwa la kawaida. Akanusa. Hakuna kitu. "Kinawasha kwa sababu kuna kinachoota humo. Taratibu, baba. Tunakwenda pamoja."

Alilisema bila bandeji mkononi. Fundi alitulia.

Jumatatu ikafika, na Mama Taratibu ndiye aliyekuwa na hofu, mgonjwa anapiga mluzi. Kimbelembele alikata bandeji. Kitambaa cha fedha kilikuwa kimegeuka cheusi kama kipande cha usiku, kimeshiba maji. Mama Taratibu alishika ukingo wa kitanda akingoja ule uso wa mgonjwa, ule mkunjo aliouona mara zisizo na idadi, kwa wazee, kwa watoto, kwa wanawake walioungua. Kimbelembele alikiinua kitambaa kwa kibano, kikatoka chote mara moja, kama jani lililolowa linavyotoka juu ya jiwe, na uso wa Fundi haukukunjika.

Kwa Fundi mwenye ganzi hilo si ajabu. Lakini kwenye kitanda cha pili cha kliniki alikuwepo mama kijana aliyeungua mkono kwa mafuta, miguu yake haina ganzi wala mkono wake, na alipofunguliwa kitambaa chake cha fedha na muuguzi mwingine alikuwa akitazama dirishani akizungumza kwa simu. Mama Taratibu alimtazama yule mama mpaka macho yakamjaa. Aliwakumbuka wote. Alimkumbuka mtoto mmoja hasa, aliyemwagikiwa uji, ambaye alikuwa akianza kulia tangu kwenye korido asikiapo mlio wa sinia.

"Laiti tungekuwa nacho wakati ule," alisema polepole.

"Tulitumia kilichokuwepo, mama," Kimbelembele alisema bila kuinua kichwa. "Na walirudi kila asubuhi. Mtu harudi anapoteswa tu. Njoo uone."

Mama Taratibu akainama. Chini ya kidole gumba, pale palipokuwa pamelowa na kunuka, palikuwa pekundu, wekundu ule safi wa chembechembe ndogo unaong'aa kama ndani ya komamanga. Pembezoni ngozi mpya ilikuwa imeanza kutambaa kuingia ndani, nyembamba, ya rangi hafifu. Alikuwa amezoea kuona nyama ikiota siku kwa siku, kidogo kidogo, kama mtu anayemwona mwanawe akikua. Hakuwahi kuiona ikiwa imekuja yote kwa pamoja, gizani, bila yeye.

Daktari alifika, akabonyeza, akanusa, akalinganisha na picha mpya ya mguu aliyokuja nayo mkononi.

"Siwaombei nafasi ya upasuaji," alisema. "Bado ni safari ya wiki nyingi, na sukari ishuke. Lakini mguu huu unabaki."

Fundi aliutazama mguu. "Na vidole?"

"Na vidole."

"Vyote?"

"Vyote, baba."

"Na cherehani?"

"Cherehani mpaka niseme mimi. Na ukirudi kwayo utavaa kiatu, usikie mashine usisikie."

Fundi alitaka kubisha, akamwona mkewe, akaacha. Mama Taratibu alikuwa ameketi. Hakulia wala hakucheka. Alikuwa ameweka viganja vyake wazi juu ya magoti, kama mtu aliyepokea kitu kizito na bado hajajua akiweke wapi.

Kimbelembele alichana pakiti nyingine. Alipima, akakata, akakilowesha kwa maji yasiyo na chumvi, akakilaza juu ya kidonda. Mama Taratibu alisogea akakitazama mara ya mwisho kile chekundu kilichokuwa kinafunikwa, jinsi watu wanavyomtazama mtoto kabla hawajazima taa.

"Tuje lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Haya, mwanangu. Jumatatu."

Alimsaidia Fundi kuvaa, akampa bega, wakatoka kwenye korido ile ndefu hatua kwa hatua.